Kabla hajashika sindano, binti wa maabara achanjwe



Tumezoea kukutana hapa kwa mambo ya hina, mitandio, sanduku la harusi na adabu za nyumba. Leo tunazungumza habari ya damu. Tunaomba msitukimbie, kwa sababu habari hii imo ndani ya harusi zetu na wengi wetu hatuioni.

Siku hizi posa ikishakubaliwa, familia nyingi za Unguja na Pemba huwapeleka vijana wakapime kabla ya nikaha. Ni jambo jema, na masheikh wetu wanalihimiza. Binti anakaa kitini, anakunja mkono wa baibui, anageuza uso upande wa pili kwa kuogopa sindano. Anayemtoa damu mara nyingi ni msichana wa rika lake, koti jeupe juu ya baibui, ushungi umebanwa kwa pini, glavu mkononi. Tangu asubuhi ameshatoa damu watu wengi, wazee, watoto wanaorusha miguu, waja wazito. Naye ni mchumba wa mtu, au ana mtoto anayenyonya kamwacha kwa bibi yake. Sisi tunapokea majibu, tunasema alhamdulillah, tunaondoka. Yule msichana anabaki na chupa za damu zetu, na hakuna anayemuuliza kama yeye amekingwa.

Maoni yetu ni haya: binti yeyote wa maabara asiguse damu ya mtu mpaka awe amekamilisha chanjo ya homa ya ini aina ya B. Jukumu la kwanza ni la chuo na la mwajiri. Lakini mama, dada, somo, wifi na mkwe nao wana sauti, na sauti hiyo wanawake hatujaitumia.

Homa ya ini B ni ugonjwa gani

Ni ugonjwa wa kirusi kinachoingia kwenye ini. Kinapita kwa damu na majimaji ya mwili: kwa sindano au wembe uliotumika na mtu mwingine, kwa tendo la ndoa, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Hakipiti kwa kula sahani moja, kwa kupeana mikono wala kwa kukumbatiana, na mama mwenye kirusi hiki anaweza kumnyonyesha mwanawe.

Kirusi hiki kiligunduliwa na Baruch Blumberg wa Marekani katika miaka ya 1960, na mwaka 1976 akapewa tuzo ya Nobel. Siku aliyozaliwa, tarehe 28 Julai, ndiyo iliyofanywa Siku ya Homa ya Ini Duniani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wakiishi na homa ya ini B ya kudumu, na watu milioni 1.1 walifariki kwa ajili yake, wengi kwa ini kusinyaa na kwa saratani ya ini. Katika maambukizi mapya ya mwaka ule, zaidi ya nusu yalikuwa katika bara letu la Afrika.

Kinachotutia hofu zaidi ni ukimya wake. Wengi walio nacho hawana dalili. Mtu anakula, analala, anafanya kazi, anaoa, anazaa, na ini linaliwa pole pole kwa miaka ishirini au thelathini. Ndiyo maana mtu wa maabara hawezi kumwangalia mgonjwa usoni akajua. Biharusi aliyependeza na bwana harusi mwenye afya ya kupasua kuni wote wanaweza kuwa nacho.

Umri nao una hesabu yake. Mtu mzima akiambukizwa, mara nyingi mwili hukishinda kirusi wenyewe. Wanaobaki nacho maisha yao yote hawafiki 5 katika 100. Mtoto mchanga akiambukizwa na mama yake, karibu 90 katika 100 hubaki nacho. Dada zetu, tulieni hapa kidogo. Sindano iliyomchoma msichana akiwa kazini leo inaweza kuwa ndiyo inayomgusa mtoto wake atakapojifungua. Kwa hiyo jambo hili linavuka chumba cha maabara na kuingia chumba cha uzazi.

Wanaogopa Ukimwi, wanaisahau homa ya ini

Waulizeni mabinti wa maabara mnaowajua wanaogopa nini wakichomwa na sindano ya mgonjwa. Wengi watasema Ukimwi. Hatuwalaumu. Tumekua na matangazo ya Ukimwi kwenye redio, skuli na kuta za hospitali. Homa ya ini haikupata sauti hiyo.

Lakini tazameni hesabu. Mtu asiyekuwa na kinga akichomwa na sindano yenye damu ya mgonjwa wa Ukimwi, uwezekano wa kuambukizwa ni kama 3 katika 1,000. Akichomwa na sindano yenye damu ya mgonjwa wa homa ya ini B, uwezekano ni kati ya 6 na 30 katika 100, kwa kutegemea kirusi kimejaa kiasi gani katika damu ile. Na kirusi hiki kinaweza kukaa nje ya mwili, juu ya meza au kwenye tone lililokauka, kwa siku 7 na bado kikaambukiza.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria miaka ya mwanzo ya 2000 kwamba katika watumishi wa afya milioni 35 duniani, kama milioni 2 walichomwa au kukatwa kila mwaka na vifaa vyenye maambukizi. Kwa makadirio hayo hayo, kama asilimia 37 ya homa ya ini B waliyoipata watumishi wa afya ilitoka kazini kwao. Hapa kwetu Tanzania, utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu watumishi wa hospitali ya Bugando, Mwanza, uliwakuta takriban 7 katika kila 100 wana kirusi hiki. Hao ni watu wanaojua ugonjwa ni nini, wanaovaa koti jeupe kila siku.

Kuna jambo jengine la umri. Tanzania ilianza kuwapa watoto wachanga chanjo ya homa ya ini B mwaka 2002. Aliyezaliwa kabla ya hapo hakuipata kliniki. Maana yake wengi wa rika letu, na mabinti wengi wanaofanya kazi maabara sasa, hawakuchanjwa utotoni. Wanaingia kazini na ngozi tupu.

Hatari inavyotokea

Sisi wa cherahani sindano ni rafiki yetu. Ikituchoma tunatikisa kidole, tunafuta, tunaendelea na pindo. Ndiyo maana twajua jinsi ilivyo rahisi kuchomwa, hata kwa fundi wa miaka kumi, pale mteja anapoharakisha au macho yanapochoka. Tofauti ni kwamba sindano yetu imetoka kwenye kitambaa. Yake imetoka kwenye mshipa wa mtu.

Walio maabara wametueleza ajali zinavyotokea. Ya kwanza ni kurudisha kifuniko kwenye sindano iliyotumika. Mkono unateleza, ncha inaingia kidoleni. Ya pili ni boksi la sindano chafu kujaa mpaka juu, kisha mtu anasukuma nyengine kwa nguvu. Ya tatu ni mgonjwa kujitikisa, hasa mtoto ambaye mama yake hakumshika vizuri. Ya nne ni chupa ya damu kupasuka ndani ya mashine ya kuzungushia, au kufunguliwa kwa haraka damu ikaruka machoni. Kuna vile vioo vyembamba vya kupimia malaria, kingo zake zinakata kama wembe. Na kuna mwanamke anayefagia na kumwaga taka, ambaye hakutoa damu ya mtu, lakini sindano iliyotupwa ovyo inamkuta yeye.

Mambo mengine ni ya kwetu wanawake, na ni vyema tuyaseme. Ushungi ukilegea, binti anaushika na kuubana pini kwa glavu ile ile yenye damu, kisha jioni anaivua pini ile na kuiweka juu ya kitanda. Kucha ndefu za harusi zinatoboa glavu. Piko nyeusi iliyochanganywa na dawa ya nywele huwaunguza wengine ngozi ikatoka malengelenge, na ngozi iliyopasuka ni mlango kwa kirusi. Biharusi wa maabara anayerudi kazini baada ya fungate na mikono yenye vidonda ajue hilo. Hina ya majani yenyewe haina ubaya.

Biharusi mmoja na kidole chake

Tulipata mteja, binti anayefanya kazi katika maabara moja ambayo hatutaitaja. Alikuja kupima gauni wiki tatu kabla ya harusi yake, na kidole gumba kimefungwa plasta. Tulipomuuliza akacheka, kisha akanyamaza. Asubuhi ile ile alikuwa amechomwa akirudisha kifuniko kwenye sindano. Alinawa, akafunga plasta, akaendelea kupokea wagonjwa.

"Umemwambia mkubwa wako?" tukamuuliza.

"Nikisema nitaambiwa mzembe," akajibu. "Na mume wangu mtarajiwa akisikia, na mama yake je?"

Chuoni alichanjwa mara moja tu. Sindano ya pili aliambiwa ainunue mwenyewe, akaahirisha, na alipoajiriwa hakuna aliyemuuliza kadi. Kwa hiyo binti yule alikuwa amesimama mbele ya kioo chetu na gauni jeupe, anahesabu moyoni siku za kupima Ukimwi, na homa ya ini haikumpitia akilini.

Alhamdulillah, mmoja wa wateja aliyekuwapo ni muuguzi. Alimshika mkono wakatoka pamoja alasiri ile kwenda hospitali. Akapimwa, akapewa dawa ya kumkinga na Ukimwi, akachanjwa homa ya ini na kupangiwa sindano zilizobaki. Majibu yake yote yalikuwa mazuri, na mchumba wake, alipoelezwa, naye alikubali kuchanjwa. Ameturuhusu tusimulie bila jina.

Kilichotuuma si sindano. Ajali ni ajali. Kilichotuuma ni kwamba alichokiogopa zaidi kilikuwa lawama za mkubwa na maneno ya ukweni. Hofu hiyo ndiyo inayowafanya mabinti wafunge plasta na kunyamaza, na saa za thamani zinapita. Homa ya ini B ina kinga hata baada ya kuchomwa: chanjo, na kwa anayehitaji, sindano maalumu ya kingamwili, na inatakiwa mapema iwezekanavyo, ndani ya saa 24 ikiwezekana. Dawa ya kukinga Ukimwi nayo haifai kupita saa 72. Aliyenyamaza wiki nzima amejinyima yote hayo.

Kwa hiyo kila binti wa maabara ashike haya. Ukichomwa, usikamue kidole na usikinyonye. Nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka. Damu ikikurukia jichoni, lioshe kwa maji mengi. Kisha sema siku ile ile, uandikwe kwenye daftari, upimwe wewe, na mgonjwa naye aombwe apimwe. Kusema si uzembe. Ni amana ya mwili wako, ya mume wako na ya mtoto utakayemzaa.

Maneno tunayoyasikia

Wako wanaosema chanjo inaharibu kizazi. Chanjo hii haina kirusi kilicho hai. Ndani yake mna kipande tu cha ganda la kirusi, na kipande hicho siku hizi hutengenezwa kwa msaada wa hamira, jamii ile ile ya hamira tunayoumulia maandazi. Hupewa watoto wachanga, na mja mzito au anayenyonyesha akiihitaji huchanjwa. Imetumika tangu miaka ya 1980 kwa mamilioni ya watu. Kinachoharibu mambo ya uzazi wetu ni mama kubeba kirusi bila kujua.

Wako wanaosema glavu zinatosha. Glavu ni lazima, lakini sindano inapita glavu kama inavyopita kitambaa. Fundi mwenye busara anavaa kastabini kidoleni kabla ya kushona turubali, hangoji achomwe kwanza. Chanjo ndiyo kastabini ya binti wa maabara.

Wako wanaosema, ni kadari ya Allah. Sote tunaiamini kadari. Lakini tumefundishwa kumfunga ngamia kwanza, kisha kutawakali, na dini yetu imemkataza mtu kujitia katika maangamizi na kumletea madhara mwenzake. Tena kumbukeni, kuwahudumia wagonjwa ni kazi yenye heshima kubwa kwetu. Bibi Rufaida al-Aslamiyya, radhi za Allah ziwe juu yake, alikuwa na hema Madina karibu na msikiti wa Mtume (S.A.W.), akiwatibu majeruhi humo. Mabinti wa maabara ni warithi wa kazi ile. Haifai kuwasifu kwenye mihadhara na kuwaacha bila kinga kazini.

Na wako wanaouliza kuhusu kuchanjwa mwezi wa Ramadhani. Wanazuoni wengi wa zama zetu wameeleza kwamba sindano isiyokuwa ya kumlisha mtu haimfunguzi. Mwenye wasiwasi achanjwe baada ya futari, au amuulize sheikh wake, lakini asiifanye swaumu kuwa sababu ya kuacha kabisa.

Hesabu kwa mifunguo

Chanjo ni sindano tatu. Ya pili huchomwa mwezi mmoja baada ya ya kwanza, na ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza. Sisi tunaohesabu harusi kwa mifunguo tunaweza kuhesabu hivi: ya kwanza Mfunguo Mosi, ya pili Mfunguo Pili, ya tatu Mfunguo Saba. Anayetarajia kuanza mafunzo ya hospitali, au kuolewa, aanze mapema.

Kabla ya sindano ya kwanza apimwe kwanza kama tayari anacho kirusi. Kipimo hicho kwenye fomu huandikwa HBsAg, na hata mabiharusi wasiokuwa watu wa maabara waulizie kama kimo katika vipimo vyao vya ndoa, maana mara nyingi hupimwa Ukimwi peke yake na familia ikadhani damu yote imeshatazamwa. Akiwa hana, achanjwe zote tatu. Sindano moja si chanjo kamili, kama gauni lililoshonwa mkono mmoja si gauni. Watu wazima wenye afya waliokamilisha, zaidi ya 90 katika 100 hupata kinga, na kinga hiyo hukaa miaka mingi sana. Mtu wa maabara, kwa kazi yake, anafaa apimwe tena mwezi mmoja au miwili baada ya ya tatu, ajue kama mwili wake umeitikia. Ambaye haukuitikia hurudiwa.

Hili si ndoto. Marekani walikadiria zaidi ya watumishi wa afya 10,000 waliambukizwa homa ya ini B kazini mwaka 1983. Chanjo ikaja. Mwaka 1991 ikatoka kanuni kwamba mwajiri ampe mfanyakazi wake chanjo bila malipo ndani ya siku 10 za kazi tangu aanze kazi inayomkutanisha na damu. Kufika mwaka 2001 waliokadiriwa kuambukizwa walikuwa chini ya 400. Damu ya watu wao haikubadilika, na sindano zilibaki na ncha. Kilichobadilika ni kwamba mtu wa maabara alikingwa kwanza, na aliyetakiwa kulipa alijulikana.

Akikutwa nacho

Tunalisema hili kwa upole, maana kuna dada atakayesoma naye anajijua. Kukutwa na kirusi hiki si hukumu ya kifo wala si dalili ya uchafu wa tabia. Wengi wamekipata utotoni bila kujua. Hakuna bado dawa ya kukimaliza kabisa, lakini zipo za kukituliza kwa anayezihitaji, na kinachotakiwa ni kuwa chini ya daktari na kupimwa ini mara kwa mara. Binti mwenye kirusi anaweza kuendelea na kazi yake ya maabara kwa kufuata taratibu.

Na anaweza kuolewa. Mchumba wake aelezwe, kwa sababu ndoa haianzi kwa kuficha, kisha apimwe na achanjwe. Akishakuwa na kinga, wanaishi kama mume na mke wengine. Akipata ujauzito aseme kliniki mapema, kwani yapo mambo ya kumkinga mtoto: dawa kwa mama ambaye kirusi kimejaa sana, na chanjo kwa mtoto ndani ya saa 24 za kuzaliwa. Posa ikivunjika kwa sababu ya kipimo ambacho suala lake lina chanjo, hapo ujinga ndio ulioivunja.

Majibu ya mtu nayo ni sitara yake. Mama mkwe aliyeyaona asiyapeleke msibani wala kwenye vikao vya kahawa.

Kila mmoja na fungu lake

Mama ambaye binti yako amechaguliwa kusomea maabara: pamoja na dakhalia, koti jeupe na ada, uliza chanjo. Uliza itachomwa lini, nani analipa, na kama zote tatu zitakamilika kabla hajapelekwa hospitali kujifunza kutoa damu. Usione haya kumuuliza mkuu wa chuo. Mtoto ni wako.

Wanawake wenzetu wenye biashara za hospitali ndogo na maabara, na sasa mko wengi, mashallah: mfanyakazi anapopewa funguo apewe na chanjo, kwa fedha ya biashara, pamoja na mwanamke anayefagia. Zanzibar ina sheria yake ya usalama na afya kazini tangu mwaka 2005, na anayemlinda mfanyakazi analinda pia riziki yake. Nunueni maboksi ya sindano ya kutosha, yaondolewe yakifika robo tatu. Wekeni daftari la ajali ambalo mtu akiandika hatukanwi.

Somo na makungwi: mnapomfunda mwari anayefanya kazi hospitali, mkumbusheni kucha, piko, pini za ushungi, na kuvua koti kazini kabla ya kurudi nyumbani kumkumbatia mtoto.

Bwana harusi na ukweni: binti wa maabara msimwogope kwa kazi yake. Aliyechanjwa akakamilisha ana kinga kuliko wengi wenu mnaomuuliza. Mkitaka kumpa zawadi yenye faida, mlipieni sindano zilizobaki, na kadi yake muitie ndani ya sanduku, kati ya kanga na udi. Ulizeni bei ya sindano tatu, kisha muilinganishe na gharama ya keki inayoliwa usiku mmoja.

Na sisi tunaokwenda kupimwa: tukae kimya kitini, tumshike mtoto vizuri anapotobolewa, tusimharakishe mpimaji kwa sababu gari inatungoja nje. Anayejijua ana ugonjwa wa damu amwambie kwa siri. Tukishatolewa damu tumuulize kwa upendo, "Mwanangu, na wewe umechanjwa?" Akiulizwa swali hilo na wanawake kumi kwa siku, atalipeleka kwa mkubwa wake, na mkubwa ataona haya kukosa jibu.

Allah awalinde mabinti wetu wote wanaohudumia wagonjwa, awape afya wao na vizazi vyao, awajaalie mabiharusi wetu ndoa za kheri na baraka. Amin.